Tuzurure Kwanza, Ndipo Tuandike

Waandishi wenzangu wa Tunduma, nina ugomvi nanyi, na sitaki tuumalize kwa kunong'onezana pembeni. Ugomvi wenyewe ni wa maua. Naam, maua. Najua wapo watakaocheka na kufunua ukurasa mwingine watafute hadithi ya mapenzi. Wacheke. Lakini wajue kwamba hiyo hadithi ya mapenzi wanayoikimbilia imejaa maua tele, na ndiyo hasa iliyonichokoza.

Chukua daftari la mwandishi chipukizi yeyote hapa mjini, wa kike au wa kiume, ulisome. Msichana ni ua waridi. Mapenzi yanaanza "majira ya machipuko", kwenye bustani, ndege wanaimba, upepo mwanana unapepea. Yakifika kufa, majani yanapukutika na kijana anabaki peke yake kwenye baridi kali. Imebaki kidogo tu theluji ianguke pale Majengo! Sasa muulize mwandishi: ndugu yangu, hayo majira ya machipuko kwetu huanza mwezi gani? Atakutazama tu. Hiyo bustani iko mtaa gani? Kimya. Waridi uliliona wapi? Kwenye kadi ya sikukuu, kwenye kanga ya mama, kwenye video.

Wapo wengine ambao wameshtuka. Wao wanasema hawataki Uzungu, wanataka Kiswahili safi, kwa hiyo wanaandika masika, vuli, kiangazi na kipupwe, kama tulivyokaririshwa darasani. Nawapongeza, ila nao nina neno nao. Hiyo ni kalenda ya Pwani. Kule mvua kubwa za masika hunyesha Machi hadi Mei, na zile ndogo za vuli huja Oktoba hadi Desemba. Sisi huku juu tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, halafu ukavu mpaka mwaka ugeuke. Mwandishi wa Tunduma anayesema "vuli ilipita, kisha masika yakaingia" naye ameazima majira, kama yule wa theluji. Tofauti ni kwamba huyu ameazima kwa ndugu.

Hata asumini tumeiazima. Washairi wa Pwani waliiimba asumini kwa sababu ilikuwa uani kwao. Jioni ilichumwa, ikatungwa, ikachanganywa na mrehani na mkadi ikawa kikuba, mwanamke akajipamba nacho, nyumba nzima ikanukia. Walikuwa wanaandika walichokinusa. Sisi tunaandika walichokinusa wao.

Niseme hoja yangu mapema ili anayetaka kunipinga ajiandae. Sisi watu wa Tunduma na mkoa huu wote wa Songwe tunayo majira yetu ya maua, tena makubwa, yenye mwanzo, kilele na mwisho. Tunayakosa kwa sababu hatutoki. Hatutembei. Tumekubali kwamba kutembea bila shughuli ni uzururaji, na kwamba kwenda kuangalia maua ni mambo ya Wazungu na maharusi. Na wakati sisi tunaimba maua ya watu, maua yetu wenyewe yanapita mbele ya macho yetu hapa mpakani, yamefungwa kwenye magunia, na hatuyatambui.

Tuanze na huo mwaka wetu. Septemba mnaijua. Vumbi la malori, joto, upepo unaotupa mifuko ya plastiki juu ya mabati, foleni ya magari ya Kongo imenyooka, kila mtu anaulizia mvua. Ukikaa kijiweni utaapa kwamba dunia imekauka yote. Lakini toka nje ya mji, ufike penye pori la miombo ambalo bado halijageuzwa mkaa. Miti ile ambayo juzi ilikuwa mitupu imeanza kuchipua, na mvua bado haijadondoka hata tone! Inachipua kwa akiba ya maji iliyo shinani na kwenye mizizi mirefu. Na majani yake machanga si ya kijani. Ni mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine kama damu ya mzee, mengine pinki kama ulimi wa mtoto. Baada ya wiki chache ndipo yanakuwa ya kijani kama majani mengine ya duniani.

Hayo ndiyo majira ya machipuko unayoyatafuta kwenye vitabu, rafiki yangu. Kwetu huanza mwezi wa nane au wa tisa, katikati ya vumbi, na rangi yake ni nyekundu. Niambie ni hadithi gani ya kijana wa hapa uliyosoma ambamo pori limewaka wekundu kabla ya mvua. Mimi sijaiona bado.

Mvua za kwanza zikigusa ardhi, panda gari uende Vwawa, Mlowo au Igamba, kwenye kahawa ya Mbozi. Mkahawa hutunza vichipukizi vya maua wakati wote wa ukavu, vimefumba, vimelala. Ukipata mvua ya kutosha unaamka, na baada ya siku kama nane hadi kumi shamba zima linafunguka kwa mara moja. Mistari na mistari ya weupe, kama mtu amemwaga unga wa sembe juu ya matawi. Na harufu yake! Ukifumba macho utadhani uko uani kwa mtu wa Tanga, kwa sababu harufu ya ua la kahawa inakaribiana sana na ya asumini. Kumbe tulikuwa nayo. Lakini haikungoji. Siku mbili tatu tu weupe unageuka kahawia na kudondoka. Ukisema "nitaenda wiki ijayo", basi umesema mwakani.

Desemba huja uyoga, unaota kwenye vichuguu na chini ya miombo, kina mama wanauuza kandokando ya barabara kwenye mabeseni. Huja makusu, ambayo ndugu zetu wa Nakonde wanayaita masuku. Majani marefu yanafunika njia za miguu. Mito iliyokuwa mchanga mtupu inaanza kuongea. Watu wa mjini mnaijua mvua kwa tope la stendi tu, na kwa kiatu kilichong'olewa soli.

Kisha hufuata kilele chenyewe, Kitulo. Hapo naomba mtulie kidogo, maana najua wengi mmelisikia jina na mkaliacha lipite. Uwanda wa Kitulo uko juu, mita kama 2,600 kutoka usawa wa bahari, katikati ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone, ambapo mkoa wa Njombe unakutana na wa Mbeya. Wenyeji waliuita Bustani ya Mungu kabla mtalii yeyote hajafika na kamera. Una aina za mimea zinazofikia 350, na kati ya hizo aina 45 hivi ni okidi zinazoota ardhini. Mwaka 2005 ukatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya taifa, kilometa za mraba karibu 413. Ni hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Twiga na simba tuliwaachia Serengeti. Hapa aliyelindwa ni ua.

Na maua yale yana ratiba. Mvua za Novemba zinaamsha, Desemba hadi Aprili uwanda unabadilika rangi kila baada ya wiki chache: njano, nyeupe, zambarau, nyekundu ya moto. Ukienda Agosti utakuta nyasi kavu na baridi inayouma masikio, na utarudi ukinitukana. Kutoka Tunduma unakwenda Mbeya, unapita mpaka Chimala, halafu unapanda kuelekea Matamba kwa ile barabara ambayo wenyewe wanaiita Hamsini na Saba, kwa sababu ya kona zake 57. Raia anaingia kwa kulipa shilingi, kiasi kidogo mno ukilinganisha na anachotozwa mgeni. Nakubali kwamba nauli ni nauli. Lakini kuna vijana hapa mjini wanakwenda Lusaka kununua nguo na wanarudi, wanakwenda Dar kuona mpira na wanarudi. Safari si kitu kigeni kwetu. Kigeni ni sababu ya safari.

Sasa tuje kwenye magunia.

Nani hapa hajui chikanda? Nyote mnaijua. Viazi vidogo vidogo, vya mviringo au virefu kidogo, vinakaushwa, vinatwangwa, unga wake unachanganywa na karanga zilizotwangwa, chumvi, pilipili na magadi, unapikwa mpaka unaganda kama keki, unakatwa vipande. Ni chakula cha asili cha Wabemba wa kaskazini ya Zambia, na siku hizi kinaliwa nchi nzima, sokoni, kwenye harusi, mpaka kwenye maduka makubwa ya Lusaka. Wapo wanaokiita soseji ya Kiafrika kwa jinsi kinavyokatika. Ni kitamu, sina ugomvi na mlaji.

Swali langu kwenu ni moja: vile viazi ni vya mmea gani?

Ni vya okidi. Ni yale yale maua ya Bustani ya Mungu na ndugu zake waliotapakaa katika nyanda zetu zote za juu, jamii ambazo wataalamu huziita Disa, Satyrium na Habenaria. Okidi za Zambia zilipochimbwa zikaadimika, wafanyabiashara wakageuza macho kwetu, na mlango wao mkubwa ukawa huu huu tunaokaa, Tunduma na Nakonde. Mwaka 2003 watafiti Tim Davenport na Henry Ndangalasi walichapisha ripoti yao katika jarida la Oryx. Makadirio yao yalikuwa kwamba kati ya viazi milioni 2 na milioni 4 vilikuwa vinatoka Nyanda za Juu Kusini kwenda Zambia kila mwaka. Milioni! Biashara hiyo ni mojawapo ya mambo yaliyosukuma Kitulo itangazwe hifadhi.

Tuelewane hesabu yake. Okidi hizi hulala chini ya ardhi kama kiazi wakati wa ukavu na baridi, zikisubiri mvua. Mvua ikija zinatoa majani, kisha shina, kisha ua. Mchimbaji anajua pa kuchimba kwa kuliona hilo jani na hilo ua. Uzuri wake ndio unaomchongea. Akishang'oa kiazi, mmea umekufa, maana kiazi ndiyo akiba yote. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, hazina chakula ndani yake, haziwezi kuota mpaka zikutane na aina fulani ya kuvu udongoni, na baada ya hapo huchukua miaka kabla ya ua la kwanza. Haipandwi kama mahindi ukavuna msimu ujao. Gunia moja ni uwanda mzima ambao hautachanua mwakani.

Nisieleweke vibaya. Simnyooshei kidole mama wa kijijini anayechimba kwa jembe la mkono ili apate hela ya daftari na sabuni. Yeye angalau analijua ua, anajua linaota wapi, anajua mwezi wake. Okidi zote ziko katika orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa maana ya kwamba haziruhusiwi kuvuka mpaka kiholela bila kibali, na hilo ni jukumu la wenye ofisi. Mimi nawanyooshea kidole wenye kalamu. Mji wetu umekuwa njia ya kupitishia mamilioni ya maua, na hakuna shairi! Hakuna hadithi ambamo mpagazi anabeba gunia na hajui kwamba begani kwake kuna bustani. Kichwa cha habari kama hicho kingepatikana kwa mwandishi wa nchi nyingine, angekila miaka kumi. Sisi tumekikalia, tunaandika waridi.

Na tumekikalia kwa sababu hatujawahi kuliona ua lenyewe limesimama. Tunajua bei ya debe tu. Kitu ambacho hujawahi kukiona kikiwa hai hakikuumi kikifa. Hapo ndipo ninapotaka mnielewe kwamba matembezi haya si starehe ya bure. Siku ukisimama mbele ya okidi ya Kitulo mwezi wa pili, umelowa mpaka magotini, ukaona jinsi ua dogo lilivyojengwa kwa ustadi, huwezi tena kupita pale mpakani ukaona "mzigo".

Mtaniuliza, mbona watu wetu hawatembei? Hili lina historia, wala si uvivu tu. Mkoloni hakutaka Mwafrika aonekane mjini bila kazi. Ukikutwa huna shughuli unarudishwa kijijini kwenu. Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwake iliandika kosa la uzururaji. Tukapata uhuru, neno likabaki. Ikaja Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, vijana wakawa wanakamatwa mitaani kwa sababu hawana kazi inayotambulika, wanapelekwa kulima. Wazazi wetu wamelelewa ndani ya hofu hiyo. Ndiyo maana mpaka leo kijana akipita njia ya shambani bila jembe, bila kamba ya ng'ombe, bila ndoo, watu wanasimama kumuuliza: "We, unatafuta nini huku?" Ukijibu "naangalia maua", ama utachekwa, ama utapelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Ongeza na hali ya mji wenyewe. Tunduma ni mji wa kupita. Lori linapita, dola inapita, kwacha inapita, abiria anapita. Kila mtu amekuja kutafuta, na akipata anajenga kwao. Barabara kuu na reli ya TAZARA vimetufundisha kuutazama ulimwengu kwa mstari mmoja tu, wa kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi. Kulia na kushoto kwa mstari huo hatujui kuna nini. Tangu mwaka 2016 tuna mkoa wetu, lakini muulize kijana kama amewahi kufika Ndolezi akione Kimondo cha Mbozi, jiwe la chuma lililodondoka kutoka mbinguni likakaa mlangoni kwake. Atakwambia amekiona kwenye simu.

Lakini tazameni hao tunaowaazima wanafanyaje. Lile shairi maarufu la Kiingereza la maua ya njano kando ya ziwa, la William Wordsworth, halikutungwa chumbani kwa kutazama kadi. Tarehe 15 Aprili 1802 yeye na dada yake Dorothy walikuwa wanatembea kwa miguu karibu na ziwa la Ullswater, upepo mkali, hawana shughuli yoyote. Kwa Kiswahili cha mgambo wetu, walikuwa wazururaji wawili. Dorothy akaandika katika daftari lake la kila siku jinsi maua yale yalivyokuwa. Miaka miwili baadaye kaka akatunga, na mwaka 1807 shairi likachapishwa. Sisi tulichukua maneno, tukaacha miguu. Na miguu ndiyo iliyokuwa na siri.

Tena hatuko peke yetu. Jamaica Kincaid, mwandishi wa kisiwa cha Antigua, ana riwaya ya mwaka 1990 iitwayo Lucy, ambamo msichana wa visiwani alilazimishwa utotoni kukariri shairi la maua hayo hayo, ambayo hajawahi kuyaona maishani. Anapokuja kuyaona Marekani akiwa mkubwa, anatamani ayafyeke. Ninamwelewa. Lakini angalieni Kincaid mwenyewe alivyofanya baadaye. Hakuishia kwenye hasira, alishika jembe, akawa na bustani, akaandika kitabu kizima juu yake mwaka 1999. Hasira bila kutoka nje ingempa makala moja tu. Wajapani nao, miti ya micheri ikichanua, watu wazima wenye heshima zao wanaacha ofisi, wanatandika mikeka chini ya miti, wanakula na kunywa. Redio na magazeti yanatangaza maua yamefika mji gani. Hakuna anayewaita wavivu, na nchi yao haijalala njaa kwa sababu hiyo.

Nimesikia pingamizi zenu tayari, nizijibu moja moja.

La kwanza: "Ua si ugali, kaka. Tuna njaa." Sawa. Muulize mkulima wa Igamba kama ua si ugali. Novemba anasimama shambani kwake asubuhi, anatazama ule weupe, na moyoni anapiga hesabu ya ada na mabati. Na bado, mtazame usoni, anafurahi pia kwa uzuri wenyewe. Vitu viwili hivi havigombani ndani ya mtu. Ni sisi wa mjini tulioambiwa kwamba maskini hana haki ya kufurahia kitu mpaka kwanza ashibe. Nani katuambia hivyo? Anayetuambia yeye mwenyewe ana bustani, na ana mtu wa kuimwagilia.

La pili: "Huo ni Uzungu." Uzungu ni nini? Jina la Bustani ya Mungu halikutolewa na Mzungu. Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali, Wasafwa, Wakinga, wote wana majina ya miti, majani na maua ambayo hayamo katika kamusi yoyote ya Kiswahili. Bibi yako anayajua. Wewe ndiye usiyeyajua, na bibi anazeeka. Kama kuna Uzungu hapa, ni huu wa kujua jina la ua la London na kutojua jina la ua la njiani kwenda Mpemba.

La tatu ni la dada zetu, na hili nalichukulia kwa uzito. Wanasema: "Nyie wavulana mtatembea. Sisi tukionekana porini, jioni jina limeshachafuka, na hapo ni kama tumerudi salama." Ni kweli, na ni aibu yetu sisi wanaume. Lakini ni kweli pia kwamba hakuna anayetembea mashambani kuliko mwanamke. Anayefuata kuni ni yeye. Anayejua uyoga upi unaliwa na upi unaua ni yeye. Anapotembea na mzigo kichwani hakuna anayemuuliza, akitembea mikono mitupu anaitwa malaya. Basi twendeni kwa makundi, wasichana na wavulana, mchana kweupe, na tuwaombe hao mama wa uyoga watutangulie. Wao ndio walimu. Daftari la Dorothy lingekuwa hapa, lingekuwa lao.

La nne: "Nina simu, picha zote zipo." Picha haina harufu, wala haina tope. Picha haikwambii kwamba miombo inachipua kabla ya mvua, kwa sababu aliyepiga alipiga siku moja akaondoka. Majira ni kitu cha kurudia. Lazima uende, uondoke, urudi ukute pamebadilika. Hapo ndipo mwandishi anapozaliwa, kwenye kuona tofauti ya jana na leo.

Wahenga walishasema: mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Wamesema bure, yaani bila shughuli! Kumbe kabla ya mkoloni na mgambo wake kulikuwa na wazee walioona kutembea bure ni jambo la maana. Hiyo ndiyo falsafa yetu, na imekaa midomoni mwetu bila kufanya kazi.

Kwa hiyo napendekeza, na nataka tusiishie kupiga makofi. Kila mwandishi wa hapa awe na kalenda yake. Septemba, miombo nyekundu. Mvua za kwanza, kahawa ya Mbozi. Desemba, uyoga na makusu. Januari au Februari, tuchange nauli twende Kitulo, hata kama ni mara moja kwa miaka miwili, hata kama tutalala kwa mwenyeji Matamba tukila viazi mviringo. Kila safari urudi na majina matatu uliyofundishwa na mtu wa huko, kwa lugha yake, pamoja na mwezi na mahali. Usiandike shairi siku hiyo. Andika ulichoona, kama Dorothy. Shairi lisubiri, litakuja lenyewe.

Na katika kurasa zetu hizi, kuanzia sasa, tukatae waridi la kadi. Mtu akileta hadithi ya "majira ya machipuko" aulizwe: ya wapi, mwezi gani, uliyaona? Akishindwa kujibu arudishiwe karatasi zake kwa upole, apewe na ramani. Tusimcheke. Tumwambie aende. Na mtu akileta hadithi ya gunia la chikanda, hata kama sarufi yake inachechemea, iwekwe mbele.

Maua ya huku hayatatungoja tumalize kubishana. Kila mwaka uwanda mwingine unachimbwa, kila mwaka pori jingine linakuwa mkaa, kila mwaka bibi mwingine anaondoka na majina yake. Siku yakiisha, watakaoulizwa ni sisi tuliokuwa na kalamu mlangoni.

Basi, mvua ya kwanza kubwa ikinyesha, hesabuni siku nane. Asubuhi ya tisa tukutane stendi, tupande gari la kwanza la Vwawa. Njooni na viatu vya kukanyagia tope, na daftari tupu. Mgambo akituuliza tunakwenda wapi, nitamjibu mimi: tunakwenda kuzurura.